Mnara wa Pauni 35

Kutoka Galway hadi Gort nilipanda basi. Kuanzia hapo ni mguu: kilomita kama sita za barabara nyembamba yenye kuta za mawe huku na huku, chini ya mvua ya Ayalandi, ile isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika. Nilifika nimeloa hadi soksi.

Mnara wa Thoor Ballylee umesimama ukingoni kabisa mwa mto. Ukoo wa de Burgo, wenye asili ya Kinormani, uliujenga zama za kati kwa ajili ya ulinzi: vyumba vinne, kimoja juu ya kingine. Mwaka 1917 mshairi W. B. Yeats aliununua kwa pauni 35 tu, akaukarabati ili aishi humo na mkewe George.

Ngazi za mawe zinajizungusha ndani ya ukuta wenyewe, finyu kiasi kwamba begi langu la mgongoni lilikuwa likikwaruza njia nzima. Kwetu Lamu nasi tuna nyumba zenye kuta nene, lakini zetu zinazuia joto. Hizi zilijengwa zizuie maadui, na baridi ikaonekana si adui, ikakaribishwa ndani. Sikushangaa kusikia kwamba familia ilikuwa ikija kiangazi tu.

Hata kiangazi hakikuwa raha tupu. Mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji walilipua daraja la hapo hapo mlangoni, na watoto wawili wadogo wamo ndani. Mwaka uliofuata baba yao akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Ukutani pana jiwe lenye shairi lake fupi, akiomba maneno yale yabaki hata mahali hapa patakapokuwa gofu tena. Pakawa gofu kweli, baada ya familia kuacha kuja. Mnara ulifufuliwa, ukafunguliwa kwa wageni mwaka 1965. Mafuriko ya 2009 yakaufunga hadi 2015. Jumba la Lady Gregory, rafiki wa Yeats, pale Coole jirani, lilibomolewa 1941. Lile la kifahari halipo, hili la unyevu lipo.

Nikitoka nilisimama darajani. Maji yalikuwa ya kahawia, yakienda taratibu, chini kidogo tu ya mnara. Mvua ilikuwa bado inanyesha.