Mpeni Ale Kwanza

Neno la juma hili: "Njaa ni ugonjwa uliopita magonjwa yote, vyote vilivyoundwa ni taabu iliyopita taabu zote. Ajuaye hivyo kama mambo yalivyo, hujua kwamba Nibbana ni raha iliyopita raha zote." (Dhammapada, kitabu cha aya za Buddha, 203; Nibbana ni ukombozi, pale kiu na taabu vinapozimika)

Ndugu zangu katika Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha,

Aya hii ina kisa chake, na wafafanuzi wa kale wametuhifadhia. Buddha alikuwa Jetavana, kule Savatthi, kaskazini mwa India, akatambua kwamba katika mji wa Alavi yupo mkulima fukara ambaye moyo wake umeshaiva. Akaondoka na watawa wake kwa miguu, mwendo wa yojana 30 (kipimo cha kale cha umbali), safari ya siku kadhaa, kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Wenyeji wa Alavi wakawapokea na kuwaandalia chakula. Mkulima naye alikuwa amesikia habari, ameazimia kwenda kumsikiliza, lakini asubuhi hiyo hiyo maksai wake akapotea. Akaingia porini kumtafuta.

Desturi ilikuwa kwamba watawa wakishakula, Buddha huwatolea wenyeji maneno ya shukrani na mafundisho. Siku hiyo alimaliza kula, akanyamaza. Na yeye akinyamaza, nani afungue mdomo? Watu wakakaa hivyo hivyo, wakitazamana. Baadaye sana mkulima akatokea, maksai ameshampata, tumbo tupu tangu asubuhi, amekuja walau kutoa heshima zake. Buddha akamuuliza msimamizi wa chakula kama kuna kilichobaki. Kipo. Basi mpeni ale. Wakamkalisha pale pale wakampakulia, na mkutano mzima ukamsubiri mtu mmoja amalize kula. Alipotulia ndipo mafundisho yakaanza, na mkulima akaielewa Dhamma siku ile ile.

Njiani kurudi watawa wakanung'unika: tangu lini Mwalimu akawa mgawa chakula? Akawajibu kwamba mtu mwenye maumivu ya njaa asingeweza kuyashika mafundisho, ndiyo maana akataka alishwe. Wafafanuzi wanasema hakuna mahali pengine katika maandiko yetu ambapo Buddha mwenyewe aliagiza mtu apakuliwe namna hiyo.

Nimeichagua aya hii kwa sababu swali tunaloulizwa mara nyingi na wageni ni moja: nifundishe meditesheni. Wamesikia kwamba Ubuddha ni kukunja miguu, kufumba macho na kufuata pumzi. Sina ugomvi nalo, ni swali zuri. Lakini tazameni mpangilio ambao Buddha mwenyewe aliufuata alipozungumza na mtu wa nyumbani, mwenye mke, watoto na shamba. Alianza na utoaji, dana. Kisha maadili, sila. Kisha habari za mbinguni, maana mema na mabaya ya mtu humfuata hadi kuzaliwa kwake kwingine. Kisha hasara za kuendekeza anasa, na heri ya kujitoa humo. Ni pale alipoona moyo wa msikilizaji umelainika ndipo akamfungulia zile Kweli Nne: kwamba maisha yana taabu, kwamba taabu inatokana na kiu ya kutaka na kung'ang'ania, kwamba kiu hiyo inaweza kukoma, na kwamba iko njia ya mambo manane ya kuikomesha. Maandiko yanasema moyo ulioandaliwa hivyo hupokea mafundisho kama nguo safi isiyo na doa inavyopokea rangi.

Kwa hiyo mkono unatangulia. Asiyeweza kuachia sahani ya wali ataiachiaje nafsi yake?

Hebu tuliangalie bakuli la mtawa, maana humo mna mafundisho mengi kuliko tunavyodhani. Kwa Vinaya, yaani kanuni za watawa, mtawa hapiki. Haweki akiba ya chakula hadi kesho. Hali baada ya adhuhuri. Tena haruhusiwi kutia mdomoni chochote ambacho hakukabidhiwa na mtu, isipokuwa maji na kijiti cha mswaki. Maana yake ni kwamba hawezi kuishi peke yake hata siku mbili. Kila asubuhi lazima akutane na watu, na watu lazima wakutane naye. Wengi hudhani utawa wetu ni kuukimbia ulimwengu, kumbe bakuli limemfunga mtawa kwenye milango ya majirani zake. Wao wanampa chakula, yeye anawapa Dhamma.

Luang Prabang, kule Laos, jambo hili huonekana waziwazi kila alfajiri. Kina mama hupiga magoti kando ya barabara, shali imepita begani, kikapu cha mianzi chenye wali wa kunata mbele yao. Watawa hupita peku, mmoja nyuma ya mwingine, wakubwa mbele na wadogo nyuma. Mama hukata tonge dogo kwa vidole, analitia katika bakuli, huyo anapita, analitia katika la mwingine. Hakuna asante, hakuna karibu. Mtawa haombi, hachagui, wala hasemi leo nimechoka wali. Mwisho wa safu utaona watoto wa maskini wamekaa na vikapu vyao, na watawa wale wale huwagawia sehemu ya walichopewa. (Siku hizi wamo pia watalii wanaowasogezea watawa kamera hadi puani. Tuwaombee utulivu.)

Lakini kutoa si kununua, na mpokeaji anaweza kukataa. Mwaka 2007 watawa wa Myanmar walitukumbusha hilo. Mwezi wa Septemba, baada ya askari kuwapiga watawa katika mji wa Pakokku, na watawala wakakataa kuomba radhi, watawa walipindua mabakuli yao: hawakupokea tena sadaka ya majenerali na familia zao. Ni hatua iliyomo katika Vinaya, ya zamani kama Sangha, jumuiya ya watawa, yenyewe. Kwa mtu anayeamini kwamba sadaka ndiyo inayomjengea kesho yake, kukataliwa sahani yake ni jambo zito.

Wako wanaouliza kama sadaka ni ya watawa wetu tu. Upali, tajiri aliyekuwa mfuasi wa Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, alipoamua kumfuata Buddha, aliambiwa asiwafungie mlango watawa wa Kijaini, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imewatunza kwa muda mrefu. Mahali pengine Buddha alisema hata mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye dimbwi, kwa nia kwamba wadudu waliomo wapate riziki, anapata stahili yake, yaani thawabu ya tendo jema. Sembuse anayemlisha binadamu.

Na mnakumbuka Chunda, mhunzi wa Pava. Chakula chake ndicho cha mwisho alichokula Buddha kabla ya kuugua na kuingia Parinibbana, yaani kufariki kwake. Buddha, akiwa katika maumivu yale, alimwagiza Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia, akamwondolee Chunda majuto: kuna milo miwili yenye tunda sawa, kubwa kuliko milo mingine yote, ule uliotangulia kuamka kwake kiroho, alipokuwa Buddha, na ule uliotangulia kufa kwake. Kila nikisoma hapo naona Mwalimu alimjua vizuri mtu aliyepika kwa moyo safi kisha chakula kikaleta balaa. Kwetu sisi kamma, tendo linalomrudia mtu, ni nia. Chunda alinuia wema.

Sasa juma hili lina mwezi mpevu, siku ya Uposatha, siku ya kushika sila. Wenye kushika sila tano waziseme upya: kutoua, kutotwaa ambacho hakikutolewa, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa vileo. Watakaoshika nane, ambazo hukataza pia kula baada ya adhuhuri, watalala na njaa kidogo usiku huo, na wataielewa aya ya leo kwa tumbo. Mwenye marehemu anayetaka kumshirikisha stahili ya sadaka, aandae chungu kidogo cha maji na kikombe, ayamimine taratibu hadi kikombe kifurike, huku akisema: "Idam me nyatinam hotu, sukhita hontu nyatayo," stahili hii iwafikie jamaa zangu, jamaa zangu wawe na raha.

Na mnaowapelekea watawa chakula, angalieni saa. Anzeni kupika mapema, foleni mnazijua. Kikabidhiwe mikononi mwao walau saa tano kasoro, maana ikishagonga saa sita mchana hawataligusa, hata liwe pilau la namna gani. Hapo mtafuteni mwenye njaa aliye karibu, mpeni ale.