Chujio la maji la kubeba mgongoni katika milima yetu ya kusini

Anayepanga kushuka kwa miguu kutoka uwanda wa Kitulo hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hana sababu ya kuogopa kiu, kwa kuwa vijito vinavyokata njia ni vingi na baadhi ya maji ya mto Ruaha Mkuu huanzia kwenye nyasi za uwanda huohuo. Linalopaswa kumshughulisha ni nani ameyatumia maji hayo kabla yake. Uwandani kuna shamba la ng'ombe wa maziwa. Pembezoni, upande wa Makete na Uporoto, kuna viazi mviringo na pareto. Na kila bonde linaposhuka kuna vijiji, pamoja na vyoo vyake na mifugo inayonywea mtoni. Kijito cha mlimani chenye maji baridi na meupe kama kioo hakikuambii lolote kuhusu ndama aliyesimama ndani yake nusu saa iliyopita.

Vijana wa hapa Mbeya wanaoanza kupanda milima huniuliza kwanza chujio lipi ni jepesi zaidi. Nalielewa swali lao, maana lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu anayeweza kuteka njiani hana haja ya kubeba lita nne tangu asubuhi. Hata hivyo, tofauti ya uzito kati ya machujio madogo yanayosifiwa leo ni ndogo mno kuwa kigezo cha kwanza. Sawyer Squeeze, Sawyer Mini na Katadyn BeFree yote hayafiki gramu 100, na yote hufanya kazi kwa namna moja: maji husukumwa kupita kwenye nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, ambazo kuta zake zina matundu ya mikromita 0.1 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu hawapiti hapo. Giardia na Cryptosporidium, vimelea vinavyoharisha watu na ndama, ni vikubwa zaidi kuliko bakteria hao na huzuiwa bila shida. LifeStraw ya kunyonyea moja kwa moja mtoni nayo ni nyepesi, lakini mimi siipendekezi kwa safari ya kulala nje, kwa sababu chujio linalokulazimisha kuinamia kijito kila unapotaka kunywa halikupi maji ya kupikia wala ya kubeba hadi kambini.

Kigezo ninachokiweka mbele ni baridi. Kitulo iko kwenye takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti, ambao ndio msimu mkavu unaowavutia watembeaji wengi, usiku huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri na asubuhi majani yakaonekana yamefunikwa na sakitu. Nyuzi za chujio zikishalowa hubaki na maji ndani hata ukilikung'uta kwa nguvu, na maji hayo yakiganda hutanuka na kupasua kuta zake. Ubaya wa jambo hili ni kwamba hakuna dalili yoyote kwa nje: chujio lililopasuka ndani litaendelea kupitisha maji, pengine kwa kasi ya kupendeza, huku likipitisha na vimelea. Watengenezaji wenyewe huelekeza kwamba chujio linaloshukiwa kuwa limeganda litupwe. Kwa hiyo usiku wa Kitulo chujio hutiwa kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa vizuri, kisha hulala nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Alfajiri, kabla jua halijapasha, hukaa mfuko wa ndani wa koti. Umbo dogo lisilokera ubavuni lina thamani kwangu kuliko gramu 20 zilizopunguzwa.

Kigezo cha pili ni virusi, ambavyo ni vidogo kuliko matundu ya mikromita 0.1. Juu uwandani, mbali na makazi, sijali sana, lakini kadiri njia inavyoshuka kuelekea ziwani ndivyo watu wanavyoongezeka juu ya mto unaouteka. Yapo machujio yanayozuia hata virusi, kama MSR Guardian, ila uzito wake ni mara kadhaa ya hayo madogo, na bei yake vilevile. Njia inayonifaa ni kuchuja kwanza, halafu kutia kidonge cha klorini. Viwili hivyo hukamilishana, kwa kuwa klorini huua virusi na bakteria lakini hushindwa na Cryptosporidium, ambayo chujio limeshaikamata. Vidonge hupatikana kwenye maduka ya dawa muhimu hata katika miji midogo, ila someni maelezo kwa makini: vingi vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, na kukitia kizima kwenye chupa ya lita moja ni kujitengenezea maji ya kufulia. Tafuteni vile vya lita moja. Maelekezo ya kawaida ni kusubiri dakika 30, na maji yakiwa ya baridi sana muda huo huongezwa.

Kuchemsha hakujapitwa na wakati. Kwenye miinuko ya Kitulo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto takriban 91, ambazo bado zinatosha kuua vimelea, mradi yaachwe yatokote dakika tatu. Tatizo ni gesi inayoliwa, na kuni za huko mara nyingi zimelowa.

Machujio ya aina ya Sawyer nayapendelea kwa jambo moja la kawaida sana, nalo ni kwamba hukaza kwenye shingo ya chupa nyingi za soda. Mfuko wa kutekea na kukamulia maji unaokuja nalo ukitoboka kwenye vijiji vya njiani kama Matamba au Isyonje, hupati mwingine dukani, ilhali chupa ya soda iko kila kibanda. Jaribuni chupa hiyo nyumbani, kwani baadhi ya chupa za maji zenye kifuniko kifupi hazikazi na huvujisha maji machafu pembeni. BeFree hupitisha maji kwa kasi zaidi ikiwa mpya, lakini inategemea mfuko wake wenye mdomo mpana, na hilo kwangu linatosha kuiacha.

Wakati wa masika mito ya Rungwe hubeba tope, na tope huziba nyuzi haraka. Maji yaacheni yatulie kwenye sufuria, yapitisheni kwenye kipande cha kanga kuukuu, na bebeni bomba la kusafishia, lile linalofanana na la sindano, ili kusukuma maji safi kinyumenyume kila jioni.

Lipo jambo moja ambalo hakuna chujio kati ya hayo linaloliweza, nalo ni dawa za mashambani. Viazi hupuliziwa dawa mara nyingi, na kemikali iliyoyeyuka hupita kwenye matundu ya mikromita 0.1 pamoja na maji yenyewe, wala klorini au moto hauiondoi. Hivyo katika maeneo ya Uporoto teka maji juu ya mashamba, hata kama kijito cha chini kiko hatua chache kutoka hemani, na ukikuta shamba limepanda hadi kwenye chanzo, beba maji kutoka kijiji ulichopita.