Sindano ya mgongoni

Jana mwanangu kaniuliza, "Mama, mjomba anaumwa nini? Mbona kila usiku anameza vidonge?" Nikamjibu kwamba vinamlinda, naye akaridhika. Mimi usiku kucha nikawa tena, kimawazo, kwenye ile wodi alikolazwa.

Kaka alikuwa ameacha ARV muda mrefu, CD4, zile chembe za kinga, zimeshuka chini ya 50. Kichwa kilianza kumuuma taratibu, wiki baada ya wiki, hadi dawa za maumivu zikashindwa. Kisha kutapika, kuona vitu viwili viwili, kukimbia mwanga. Siku aliponiita kwa jina la marehemu mama, tukambeba.

Damu ilionyesha kriptokoka, fangasi wa kwenye udongo na vinyesi vya ndege. Wengi wetu humvuta kwa pumzi asitudhuru. Kinga ikiporomoka, hupanda hadi kwenye ubongo. Daktari akataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Shangazi akasimama mlangoni akilia: "Hiyo sindano inaua. Nimewaona." Kaka hakuwa na fahamu za kuamua. Nikasaini mimi.

Wakamlaza ubavu, magoti kifuani, nami nikamshika mabega. Sindano ikaingia kiunoni. Wakaunga mrija mwembamba wenye namba, wakausimamisha kupima shinikizo la maji kichwani, nayo yakaanza kupanda. Kwa kawaida hayavuki sentimita 20. Yakapita 25, yakapita 30, yakazidi kupanda. Nilitarajia usaha, kumbe ni meupe kama maji ya kunywa. Wakayaachia tone kwa tone kwenye chupa. Mabega aliyoyakaza siku zote yakalegea mikononi mwangu. Akafumbua macho, akatazama dirishani bila kukunja uso, akaniita kwa jina langu.

Maji yalijaa tena, wakatoa tena na tena. Dawa ya fangasi, amfoterisini, ikamtetemesha, zikaja na nyingine, flusitosini na flukonazoli. ARV zikasubiri wiki kadhaa, maana kuziharakisha huweza kuchochea uvimbe kichwani. Akapona, ingawa sikio moja halisikii vizuri.

Shangazi hajabadili neno. Aliowaona walikufa kweli baada ya sindano, na mmoja wao ni mwanawe wa kumzaa. Naamini walifikishwa hospitali ugonjwa ukiwa umeshawamaliza. Lakini nikimwambia hivyo, nitakuwa nimemwambia kwamba alimchelewesha mwanawe. Kila nikienda kumsalimia nakusudia kulianza, kisha tunazungumza mengine.