Osaka, Miyajima na Hiroshima kwa siku moja, na ubishi wetu wa maji kupwa

Safari hii ilianza na ubishi, tena si wa hela, ubishi wa bahari. Mimi mtu wa Dodoma, bahari nimeanza kuiona nishakuwa mtu mzima, mke wangu kazaliwa Jambiani, Unguja, kule maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka kina mama wanashuka kwa miguu kwenye mashamba yao ya mwani. Sasa tulikuwa Osaka, Japani, mwezi wa nne, mimi nimemaliza kozi ya miezi mitatu, yeye kaja wiki ya mwisho, tukabakiwa na siku moja haina ratiba. Mimi nataka Hiroshima, makumbusho ya bomu la atomiki. Yeye anataka Miyajima, kile kisiwa chenye torii, lile lango jekundu linalosimama baharini. Bahati nzuri vyote viko upande mmoja, kisiwa ni mbele kidogo tu ya Hiroshima.

Shida ni kwamba hilo lango kuna saa liko ndani ya maji na kuna saa maji yanapwa watu wanatembea mpaka chini yake. Mimi nataka picha ya maji, yeye anataka kuligusa kwa mkono. Akahesabu vidole, kesho Mfunguo Mosi 15 kwa kalenda ya Kiislamu, mwezi mpevu, bamvua hiyo, yaani siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. "Baba Nasra, bamvua saa nne asubuhi maji yamepwa kabisa. Tuwahi asubuhi nikaliguse, yakianza kujaa upige picha zako, adhuhuri tunaondoka kwenda kwenye makumbusho yako."

Mpango safi kabisa, ila nikafungua jedwali la maji kwenye simu, kinyume! Saa nne asubuhi maji yamejaa, kupwa ni saa kumi jioni. Nikamwonyesha. Akaniambia simu yako mbovu. Akafungua ya kwake, vilevile. Akakaa kimya, halafu akasema Wajapani wana bahari yao. Ikabidi tupange upya, yaani asubuhi mimi napata picha, halafu tunasubiri kisiwani mpaka yapwe yeye aguse, na makumbusho itapata muda utakaobaki. Nilinung'unika, sifichi.

Tiketi. Wengi watakwambia nunua ile pasi ya treni ya nchi nzima, lakini toka Oktoba 2023 ya siku 7 imepanda kutoka yen 29,650 mpaka 50,000, kwa safari moja ya kwenda na kurudi hailipi kabisa. Tiketi ya kawaida Shin-Osaka mpaka Hiroshima ni zaidi kidogo ya yen 10,000 kwenda tu, mtu mmoja, kwa hiyo wawili kwenda na kurudi ni elfu arobaini na kitu. Inauma, ndiyo, ila bora kuliko pasi.

Na hapo ndipo nilipopata aibu ya kwanza. Mashine inakupa vikaratasi viwili, kimoja ni nauli ya kawaida, kingine ni cha kulipia ile haraka ya Shinkansen, treni yao ya kasi. Mimi nikatumbukiza kimoja getini, geti likafunga pwaa, likapiga kelele, nyuma yangu foleni ya watu wa ofisini, wote kimya hakuna hata anayefyonza, ukimya wao ndo unaua zaidi. Mhudumu akaja akavishika vyote viwili akavipanga pamoja akavitumbukiza, vikatokea upande wa pili. Kumbe unaweka vyote kwa mkupuo! Na usisahau kuvichukua ukipita, utavihitaji kutokea. Mama Nasra alikuwa keshapita zamani, yeye aliangalia mtu wa mbele yake anafanyaje.

Sisi tulikata tiketi zisizo na namba ya siti, kwa hiyo unapanda yale mabehewa ya mwanzo yaliyotengwa. Chini kwenye jukwaa kuna alama behewa namba ngapi linasimama wapi na mlango unafungukia hapo hapo, simama kwenye mstari basi, ukizubaa treni haikusubiri, inasimama kama dakika moja tu inaondoka.

Siku hizi na sisi tuna SGR yetu, kilometa 160 kwa saa, naipenda na naitetea popote. Hii inakwenda 300. Kitu cha ajabu ni kwamba husikii chochote, chai iko kwenye meza haitikisiki, ila mandhari usitegemee sana maana njia ile ni mahandaki juu ya mahandaki, unaona mashamba sekunde tano, giza, nyumba, giza. Saa moja na nusu haijafika tuko Hiroshima. Hapo tukahama treni, tukachukua ya kawaida inayosimama kila kituo, nusu saa hivi mpaka Miyajimaguchi, halafu boti dakika kumi, yen 200 na juu yake 100 ya kodi ya wageni wa kisiwa.

Kwenye boti ukiangalia pembeni unaona vichanja vya mianzi vinaelea, wanafuga chaza. Chaza wengi wa Japani wanatoka hapo Hiroshima. Mama Nasra alivitazama kama mkulima anavyotazama shamba la jirani, akauliza wanafunga na kamba gani.

Na kweli bwana, tumefika saa nne kasoro, maji yamejaa pomoni. Lango limesimama katikati ya bahari, urefu wake kama mita 16, miguu yake miwili mikubwa ni magogo mazima ya mkafuri. Hili la sasa ni la 1875, na halijachimbiwa chini, limesimama kwa uzito wake tu, tani 60 hivi. Hekalu lenyewe pia liko juu ya maji, unalipa yen 300 unatembea kwenye vibaraza vya mbao, na ukiangalia chini zile mbao zimeachiwa nafasi kati yake. Mimi nikadhani uzee. Mke wangu akaniambia hapana, wameacha makusudi ili wimbi likija kwa nguvu maji yapite juu yasing'oe sakafu. Baadaye nikasoma, ndivyo hasa. Nikaanza kumheshimu upya.

Kisha kusubiri sasa. Saa tano nzima kwenye kisiwa! Tulikula chaza wa kuchoma na ndimu, tukala vikeki vya umbo la jani vyenye maharage matamu ndani, yeye akavipenda mimi nikaona maharage yamekosea njia. Kuna paa wanazurura tu mitaani kama mbuzi wetu, mmoja akaja taratibu nyuma yangu akala ramani. Sikutanii, alitafuna nusu nzima ya upande wa kusini. Mama Nasra akapata kona tulivu akasali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, safari, mimi nikalinda begi dhidi ya paa.

Kwenye saa nane maji yakaanza kukimbia. Ukikaa ukutani unaona kabisa, mstari unarudi nyuma, matope yanatokea, kaa wadogo, majani ya baharini. Saa tisa na kidogo watu wakaanza kushuka na yeye akavua viatu, Wajapani wamevaa mabuti yeye anakanyaga matope peku kama yuko kwao, akaenda mpaka kwenye mguu wa lango akaweka kiganja. Chini magogo yamejaa vikombe vya baharini na watu wamechomeka sarafu kwenye nyufa. Papo hapo akampigia mama yake video Jambiani amwonyeshe. Bibi akasema vizuri mwanangu, ila sikai, maji yanapwa, nakwenda mwanini. Akakata. Tukacheka sana lakini hatukulifikiria zaidi.

Baada ya hapo ni mbio. Boti, treni, Hiroshima stesheni, tramu. Hizi tramu zina historia, bomu lilianguka tarehe 6 Agosti 1945 na siku tatu baadaye kipande cha njia kilishaanza kubeba watu tena. Unashuka unaliona lile jengo la kuba, vyuma vimebaki wazi vile vile bomu lilivyoviacha.

Makumbusho tulipata kama saa moja, haitoshi, na nitasema kweli nilikasirika kimoyomoyo nikiwaza zile saa tano za paa na vikeki. Halafu ukishaingia hasira inaisha. Kuna saa ya mkononi imesimama saa mbili na robo asubuhi. Kuna kibaiskeli cha matairi matatu cha mtoto wa miaka mitatu, baba yake alikizika pamoja naye uani, miaka arobaini baadaye akafukua akakileta pale. Mwisho wa mwaka ule wa bomu waliokufa walifika kama 140,000. Mama Nasra kwenye kibaiskeli alisimama muda mrefu, hakusema kitu, akanishika mkono wa shati. Mimi nilikuwa nawaza jingine, kwamba sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani, lile jiwe la kutengenezea bomu, ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kule Kongo, na Katanga ni watu wa Kiswahili. Inawezekana aliyebeba lile jiwe alikuwa anaongea lugha hii ninayoandika.

Chakula cha jioni tuliingia mahali wanatengeneza okonomiyaki ya Hiroshima, kabichi, tambi na yai kwenye bamba la moto. Nikasema "buta nashi", bila nguruwe, mpishi akakubali kwa adabu zote, lakini mke wangu akaona bamba ni moja na pembeni nyama inachuruzika mafuta. Tukaomba radhi tukatoka. Tukanunua onigiri, yaani mabonge ya wali, za samaki dukani tukapanda nazo Shinkansen, na humo kula ruhusa.

Vikaratasi safari hii niliviweka vyote viwili pamoja, pwaa hakuna.

Ndani ya treni, mdomo umejaa wali, namwona anahesabu vidole tena. Nikamuuliza nini. Akasema, "Huku tumewatangulia kwetu saa ngapi?" Nikamwambia sita. "Kwa hiyo saa kumi jioni ya huku, Jambiani saa ngapi?"

Nikahesabu. Saa nne asubuhi.

"Si nilikwambia saa nne?" akasema, akachukua na onigiri yangu.