Usiku wa 641

Namba yenyewe ni 4294967297. Mwalimu wetu wa hisabati aliiandika pembeni mwa ubao mwaka 1994, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Njombe. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Alitusimulia kwamba Fermat, mwanasheria wa Kifaransa, aliziona 3, 5, 17, 257 na 65537, zote namba tasa, na mwaka 1640 akaamini kwamba hii inayofuata nayo ni tasa.

"Nani ataniambia kama alipatia?"

Akafuta ubao wote, ile namba akaiacha.

Niliingia nayo prepo. Kikokotoo hatukuwa nacho. Nikaanza na 3, nikaja 7, 11, 13, napanda namba tasa moja baada ya nyingine, na kila moja inaniachia baki. Jenereta ikizimwa saa nne nahamia mlangoni mwa bweni na chemli, blanketi mabegani, maana baridi ya Juni kule si ya mchezo.

Usiku wa kumi na moja nikafika 641. Kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Nikashusha 9, ikawa 4489. Mara 7 ni 4487, baki 2. Nikashusha 6: haiingii, sifuri. Nikashusha 7: sifuri tena. Nikashusha 2, ikawa 2672. Mara 4, baki 108. Nikashusha 9, ikawa 1089; mara 1, baki 448.

Hiyo 448 nilishaiona. Tarakimu iliyobaki ilikuwa 7. Nikaishusha, ikawa 4487, na 4487 ilikuwa pale pale juu kwa mwandiko wangu: 641 mara 7. Haikubaki kitu.

Nilizidisha 641 kwa 6700417 mara mbili kuhakikisha. Sijaona kitu kizuri kama ile 4487 ikirudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti."

Alifuata hesabu yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Akaniambia aliyeipata wa kwanza ni Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1732, na kwamba baadaye Euler alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba ile lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Kwa njia hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Tano tu. Mimi nilikuwa nimegawanya mara 114.

Nilitoka nikakaa ngazini na kaunta buku langu, nikazitafuta zile nne za mwanzo. Zote zilikuwamo. 193 iliacha baki 109; 449, baki 325; 577, baki 288. Na 257, iliyoacha baki 2, nilikuwa nimeipigia mstari chini usiku ule, mara mbili, kwa kuwa ilikuwa imekaribia mno.