Piga Hodi Msituni: Dubu kwa Mtu wa Pwani

Barani Afrika hakuna dubu mwitu. Waliokuwako milima ya Atlas, kule Moroko na Aljeria, walitoweka katika karne ya 19. Kwa hivyo kijana wa Kisauni anayekwenda Calgary, Kanada, kusoma, au baharia wa Likoni aliye kwenye meli ya watalii inayotia nanga Juneau, Alaska, hufika huko na maarifa ya kwao: ya nyati wa Shimba Hills na ndovu wa Tsavo. Baadhi ya maarifa hayo yatamfaa. Mengine yatamtia hatarini, na hayo ndiyo tunayotaka ayaache nyumbani anapofunga begi.

La kwanza ni mti. Nyati akikujia, watu wa Kwale watakwambia upande mti, nao wana haki. Kwa dubu, mti si kimbilio. Dubu mweusi hukwea kuliko mkwezi wa minazi. Hata watoto wake wakisikia hatari, juu ya mti ndiko wanakotumwa na mama yao. Yule mkubwa aitwaye grizzly ni mzito zaidi, lakini akipata matawi ya kushika naye hupanda.

La pili ni mbio. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, wastani wa kilomita 37 kwa saa, kwenye uwanja laini na viatu vya misumari. Dubu hufika kilomita 56 kwa saa juu ya mawe na magogo, iwe anapanda kilima au anashuka. Akiwa mita 30 kutoka ulipo, atakufikia kwa sekunde mbili. Na mgongo unaokimbia humtia hamu ya kufukuza hata kama nia yake ilikuwa kukupita tu.

Kabla ya yote jua unakokwenda kuna dubu wa aina gani. Ukiwa Toronto na ukaenda kupiga kambi kaskazini kidogo mwa mji, utakayemkuta ni dubu mweusi. Mbuga za milimani za Banff na Jasper kule Alberta, Kanada, mkoa jirani wa British Columbia, jimbo la Alaska, na mbuga ya Yellowstone kule Marekani zina wote wawili. Usiwatofautishe kwa rangi. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, hata wa rangi ya mchanga, na grizzly anaweza kuwa karibu na mweusi. Tazama mabega: grizzly ana nundu, kama ng'ombe wetu. Uso wake umebonyea katikati ukimtazama ubavuni, masikio ni mafupi ya mviringo, kucha za mbele ni ndefu na hazikupinda sana. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yamesimama, na kucha ni fupi zilizopinda, za kukwea. Jifunze tofauti hii kwa picha ungali nyumbani, kwani utakapoihitaji hutakuwa na muda wa kuisoma.

Mashambulizi mengi hutokana na kushtuana. Dubu alikuwa na watoto wake, au na mzoga anaoulinda, nawe ukatokeza kwenye kona ghafla. Dawa yake ni hodi. Piga hodi kwa sauti ya mtu, nene na ya mfululizo, hasa panapo kona, vichaka vizito, matunda ya porini yaliyoiva, au mto unaonguruma. Haidhuru ni kwa Kiswahili. Dubu anachotambua ni kwamba huyo ni binadamu, na mara nyingi atajiondokea kabla hujamwona. Vijikengele vinavyouzwa kwenye maduka ya watalii havitoshi, sauti yake haifiki mbali. Upepo ukikupiga usoni, ongeza sauti, kwa sababu harufu yako inabaki nyuma na dubu aliye mbele hana habari nawe. Vipokea sauti vya masikioni viache begini. Tembeeni wanne au zaidi, mkiwa mmebanana, watoto katikati. Kule Banff, upande wa Lake Louise na Moraine Lake, kuna njia ambazo katika misimu fulani sheria yenyewe hukataza kundi la chini ya watu wanne. Ukiona kunguru wengi wamekusanyika pahali pamoja au ukisikia uvundo wa mzoga, rudi ulikotoka. Usisogee kuchungulia.

Sasa harufu, na hapa mtu wa Mombasa ana kazi kuliko wengine. Sisi tunasafiri na udi, marashi, mafuta ya nazi ya nywele, achari ya embe, dagaa, binzari na karafuu. Dubu hunusa kutoka mbali mno, na kwake hakuna tofauti ya chakula na kipodozi: kinachonukia ni cha kujaribu kula. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya mdomo, ganda la ndizi, chupa ya soda iliyokwisha, vyote ni chakula kwa hesabu yake. Hakuna hata kimoja kinachoingia hemani. Udi usifukize nguo za safari hiyo kabisa.

Pika na ule angalau mita 100 kutoka hemani, upande wa demani, kama wasemavyo mabaharia, yaani kule upepo unakoelekea, ili moshi na harufu visipite mlipolala. Nguo ulizopikia usilale nazo. Zihifadhi pamoja na chakula. Samaki wa kukaanga ni chaguo baya kambini, kwa maana mafuta yanarukia kila kitu na harufu haitoki usiku huo. Wali na maharagwe ya kopo yatakushibisha bila balaa. Maji ya kuoshea vyombo yachuje, makombo yatie kwenye mfuko wa taka, maji yamwage mbali na hema.

Chakula kihifadhiwe wapi? Kambi nyingi za mbuga zina makabati ya chuma yenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua. Yatumie, na ulifunge komeo mpaka lilie. Pasipo kabati, kuna pipa gumu la plastiki lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Liweke chini, mbali na hema, wala usilifunge kamba, kwa sababu kamba humpa dubu mahali pa kulivutia. Kutundika mtini ni njia ya mwisho: mfuko uwe angalau mita 4 kutoka ardhini na zaidi ya mita 1 kutoka shina. Watu hukosea hapo pa shina, wakafunga mfuko ukiwa umeegemea mti, na dubu akakwea akaukwanyua. Kuhusu gari, soma kanuni za pale ulipo. Banff inakubali chakula kukaa ndani ya gari lililofungwa. Yosemite, mbuga ya California kule Marekani, inakataza usiku kucha, kwa sababu dubu wa huko wanajua kung'oa mlango wa gari.

Mnaowajua tumbili wa Nyali na Diani mnaelewa kisa chenyewe. Akipewa mkate mara moja, kesho anaingia jikoni bila kubisha. Dubu akizoea hivyo, mara nyingi huishia kupigwa risasi na walinzi wa mbuga. Uzembe ni wetu, anayekufa ni yeye, na jambo hilo linatuuma.

Tuje kwenye kopo la pilipili, maana hiki ndicho kifaa kinachookoa na ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi. Ndani yake mna kapsaisini, kile kile kiwashacho kwenye pilipili mbuzi, kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 2, kikisukumwa na gesi. Nunua lililoandikwa wazi kuwa ni la dubu, lenye gramu 225 au zaidi, linalorusha mita 7 na nusu au zaidi kwa sekunde sita au zaidi. La Marekani litakuwa na nambari ya usajili ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya huko. Vikopo vidogo vya kujikinga na wezi havifai. Kanada ni haramu kubeba pilipili iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, na hata hilo la dubu ukitembea nalo mjini kwa nia ya kujilinda na binadamu utakuwa umevunja sheria. Angalia tarehe ya mwisho. Kwa kawaida ni miaka mitatu au minne, baadaye gesi hupungua na kopo hurusha karibu tu.

Likae wapi? Kiunoni au kifuani, kwenye ala yake, mkono ukifika bila kutafuta. Kopo lililo ndani ya begi ni mzigo wa bure. Kumbuka zile sekunde mbili. Kila mtu mzima awe na lake. Fanya mazoezi kwa kopo la majaribio lisilo na pilipili: chomoa, ondoa kizuizi cha plastiki kwa kidole gumba, elekeza, bonyeza. Rudia mara ishirini mpaka mkono uwe na mazoea. Wanaokwama wengi hukwama kwenye kizuizi, kwa sababu hawajawahi kukigusa.

Dubu akija mbio, anza kupuliza akiwa kama mita 18. Akija polepole, ngoja afike kama mita 9. Shika kwa mikono miwili ukiweza, lenga mbele yake na chini kidogo ya kichwa, kwani wingu la pilipili hupanda. Shabaha ni ukuta wa pilipili ambao dubu lazima aupite, nao uwe kati yenu. Puliza sekunde mbili au tatu, tazama, puliza tena. Usimalize kopo lote kwa mpigo mmoja. Akigeuka, ondoka eneo hilo taratibu ukiwa umemkabili. Upepo ukikujia wewe, utaonja pilipili yako, lakini puliza hivyo hivyo akiwa karibu. Baridi kali hupunguza nguvu ya gesi, kwa hivyo siku za barafu liweke ndani ya koti. Joto nalo ni adui: kopo likiachwa kwenye gari juani, likapita nyuzi 49 hivi, linaweza kupasuka.

Wapo wanaolichukulia kama dawa ya mbu, wakapulizia hema, viatu na begi. Wanajidhuru. Wingu la pilipili humfukuza dubu, ila mabaki yake yaliyokauka humvutia aje kunusa. Likikuingia machoni, osha kwa maji mengi safi ukipepesa kope, toa lensi za macho ukiwa nazo, usisugue. Kwenye ngozi tumia sabuni, kwa kuwa kapsaisini ni ya mafuta na maji matupu hayaiondoi.

Ukimwona dubu naye hajakuona, rudi kimya ulikotoka. Umbali wa kumwachia ni mita 100, hata kama unataka picha. Akikuona, simama. Mwinue mtoto mdogo, mbwa mfunge karibu. Sema kwa sauti ya chini iliyotulia, usimkazie macho, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua kwa mshazari, mkono ukiwa kwenye kopo. Akisimama kwa miguu miwili si kwamba anashambulia. Anatafuta kukuona na kukunusa vizuri. Akiguna, akigonganisha meno, akilaza masikio nyuma, umemkaribia mno. Mara nyingi atakuja mbio kisha ageuke mita chache tu kabla ya kukufikia. Ni vitisho, na ponapona yako ni kutokimbia, huku kopo likiwa tayari.

Akikugusa, hapo ndipo tofauti ya wale wawili inapokuwa ya uhai. Grizzly uliyemshtua anajitetea. Anataka hatari iishe. Lala kifudifudi, begi lako mgongoni, vidole vikiwa vimeshikana nyuma ya shingo, viwiko chini, miguu umeipanua ili asikugeuze. Akikugeuza, bingirika mpaka urudi kifudifudi. Nyamaza, na usiinuke upesi akiondoka, maana huweza kusimama kando akitazama. Wengi huumizwa mara ya pili kwa kuinuka mapema. Ikiwa shambulio limepita dakika mbili hivi na bado anaendelea, nia imebadilika: pigana. Kwa dubu mweusi usilale chini kabisa. Mpige tangu mwanzo kwa jiwe, sufuria, fimbo, ukilenga pua na macho, ukipiga kelele. Na dubu yeyote anayekufuatilia kimya kimya kwa muda mrefu, au anayeingia hemani usiku, anawinda. Huyo ni wa kupigana naye awe wa aina gani.

Dubu mweupe wa kaskazini ya mbali ni habari nyingine. Yeye huweza kumwona mtu kama windo, na kujifanya maiti hakusaidii. Mji kama Churchill, mkoa wa Manitoba, nenda na mwongozaji wa huko.

Aliyejeruhiwa akandamizwe jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, ipigwe simu ya dharura 911, kisha apelekwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo, kwa ajili ya vijidudu vya mdomoni mwa mnyama na chanjo ya kichaa cha mbwa. Milimani mtandao wa simu mara nyingi haupo, kwa hivyo mwachie mtu aliye mjini jina la njia mnayopita na saa mnayotarajia kurudi. Walinzi wa mbuga waambiwe mahali hasa palipotokea, maana kuna wengine wanapita njia hiyo hiyo kesho yake.

Siku ya kurudi Mombasa, kopo haliingii kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mizigo. Ukilikodi, na mbuga kubwa nyingi zina maduka ya kukodisha karibu na lango, lirudishe. Ukilinunua na bado limejaa, wape wasafiri wanaoanza safari yao, uwaoneshe kizuizi kinavyotoka.