Usiku nilioukausha mfereji, na loki 29 zilizofuata

Kilichoniamsha ni sufuria. Ilikuwa kama saa tisa usiku, mwezi wa kumi, nami nimelala fofofo baada ya zamu mbili mfululizo. Sufuria ikateleza kutoka jikoni, ikaanguka, ikabingirika mpaka ubavu wa kulia ikatulia huko. Nikashusha miguu kitandani nikajikuta natembea kama mtu aliye juu ya bati la nyumba. Chombo, ile mashua niliyokuwa naishi ndani yake, kilikuwa kimelala upande.

Nikajua tunazama. Nikasukuma mlango wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, nikamulika tochi nje. Hakukuwa na maji ya kuzama. Kulikuwa na tope jeusi linalong'aa, baiskeli ya mtu imelala ndani yake, na kijito chembamba kinapita katikati. Kipande kizima cha mfereji, kutoka loki ya chini hadi loki ya juu (loki ni chumba chenye malango cha kuinulia na kushushia vyombo), kilikuwa kimekauka.

Aliyekikausha ni mimi.

Niliishi juu ya maji miaka miwili na nusu, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mfereji wa Kennet and Avon. Kilichonisukuma ni kodi ya nyumba, wala sikuwa na mahaba yoyote na mashua. Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, na chumba kimoja kilikuwa kinameza nusu ya mshahara. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia anaishi kwenye tishari. Nilipoliona nikacheka, maana tishari ninalolijua mimi ni lile bapa la kupakulia meli. Hili lilikuwa refu na jembamba kama mwiko: urefu mita 17, upana mita mbili na vidole vinne. Nikanunua la kwangu, kuukuu, lenye jiko la makaa na injini inayokohoa.

Wembamba ule una historia. Mifereji ya katikati ya Uingereza ilipoanza kuchimbwa kwa kasi miaka ya 1760, chini ya fundi James Brindley, loki zake nyingi zilijengwa kwa upana wa futi saba tu ili kuokoa maji na gharama. Vyombo vikafuata. Farasi mmoja aliburuta tani 25 au zaidi kwa kamba, na baadaye, biashara ilipobana, familia nzima zikahamia kwenye kijumba cha tezi chenye urefu wa mita tatu hivi: baba, mama, watoto, jiko, na kitanda cha kukunja ukutani. Kila nilipolalamika kwamba sina mahali pa kuweka pasi niliwakumbuka wale. Kwenye kona za madaraja ya zamani bado utaona mifuo iliyochimbwa na kamba za farasi, mingine inaingia kidole kizima.

Loki ndiyo roho ya habari hii, kwa hiyo nieleze. Ni chumba cha mawe au matofali chenye malango mbele na nyuma, kinachokaa mahali ambapo mfereji unapanda au kushuka kilima. Ukipanda, unaingia kikiwa kitupu, unafunga malango ya nyuma, kisha unafungua vidirisha vidogo vya upande wa juu ili maji yaingie taratibu na kukuinua. Maji yakilingana, lango la juu linafunguka kwa kusukuma na mgongo, unatoka. Vidirisha hivyo vinapandishwa kwa mkono wa chuma wenye umbo la herufi L, ambao kila mkaaji wa mfereji huutembeza kiunoni kama simu. Waingereza wamevipa jina lilelile wanaloliitia kasia, ingawa havipigi maji hata kidogo.

Sasa kosa langu. Jioni ile nilipanda loki moja ya kijiji cha Seend, peke yangu, giza linaingia, mvua inanyeshea shingoni. Nilipotoka juu nilisahau kushusha kidirisha kimoja cha upande wa juu. Peke yake hilo lisingeleta balaa, kwa sababu malango ya chini yangezuia. Lakini kidirisha cha chini nacho nilikiteremsha bila kuhakikisha kimefika, na kipande cha gogo kilikuwa kimekikwamia. Usiku kucha maji yakawa yanaingia juu na kutokea chini. Nami nimefunga kamba mita mia mbili tu kutoka pale, nimelala.

Jirani wa chombo cha nyuma, mzee mmoja aliyekaa majini tangu ujana wake, alitokea na taa kichwani. Hakunigombeza. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kamba."

Nilikuwa nimezikaza sana, na chombo kiliposhuka kikawa kinaning'inia kwa kamba zile kama nguo kwenye kambaa. Fundo la omo, yaani la mbele, liligoma kabisa. Tukalikata kwa kisu cha mkate, na chombo kikatua kwa kishindo kilichoamsha bata. Neno la pili lilikuwa, "Matundu." Hili nisingelijua maisha yangu yote. Chombo kilicholala upande, maji yakirudi, huwa hakiinuki mara moja, tope hukishikilia kwanza. Maji yanapanda ubavuni mpaka yanafika kwenye matundu ya sinki na bafu, ambayo siku zote yako juu ya maji, yanaingia ndani. Vyombo vingi havizami mfereji unapokauka, vinazama unapojazwa. Tukaziba matundu yangu mawili kwa soksi na mfuko wa plastiki, kwa mpangilio huo huo.

Halafu tukatembea hadi loki ya chini, nikaona kidirisha changu kimesimama juu kama ulimi uliotolewa nje. Nikakishusha. Nilitaka kukimbilia loki ya juu nifungue maji, yule mzee akanishika bega. Huko juu nako kuna watu wamelala, na kipande chao nacho ni kifupi. Ukifungua ovyo unaihamisha aibu yako tu. Tukapiga simu ya dharura ya wasimamizi, akaja mtu wa zamu kabla hakujapambazuka, akashusha maji kidogo kidogo kutoka loki hadi loki, akipima kwa jicho kila kipande kabla ya kukipunguza. Ilichukua karibu saa nne. Kama saa mbili unusu asubuhi chombo changu kilitoa sauti, *plop*, kama buti linalochomolewa matopeni, kikanyooka.

Yule mtu wa zamu alinifundisha jambo moja nililokuwa silielewi: mfereji si mto. Mto unajijaza wenyewe. Mfereji unapanda kilima upande mmoja na kushuka upande wa pili, na kila chombo kinachovuka kileleni kinateremsha loki nzima ya maji kila upande. Lazima mtu ayapandishe tena. Kwenye mfereji wetu kazi hiyo inafanyika Crofton, ambako kuna mashine ya mvuke ya Boulton na Watt ya mwaka 1812 inayoweza kufanya kazi yake ileile mahali palepale, ingawa siku za kawaida pampu za umeme ndizo zinazohangaika. Mimi usiku mmoja niliyamwaga tu.

Usimamizi wa mifereji mingi ya Uingereza na Wales, kama kilomita 3,200, uko chini ya shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust, lililochukua kazi hiyo kutoka serikalini mwaka 2012. Ili uishi humo unahitaji leseni, bima, na cheti cha usalama wa chombo kinachokaguliwa kila baada ya miaka minne: gesi, moto, mafuta, umeme. Asiye na gati lake mwenyewe, kama mimi, anabanwa na sheria ya mwaka 1995: usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Sheria haikutaja kilomita. Lakini wanaandika namba za vyombo wanapopita, na wanataka waone umesafiri kweli, siyo unahama daraja hili kwenda lile na kurudi. Nilinunua shajara ya karatasi nikawa naandika: tarehe, daraja, maji ya kunywa lini, choo kimemwagwa lini. Ndiyo, choo. Ni kasha unalolibeba mwenyewe hadi kituo cha kumwagia, na heshima yote unayoijua inaishia pale kwenye foleni, kila mtu na kasha lake, mnazungumzia hali ya hewa.

Kazini nilikwenda kwa treni. Inachekesha, maana reli ndiyo iliyouua mfereji huu. Ulikamilika mwaka 1810, na reli ya London hadi Bristol ilipokamilika mwaka 1841 mizigo ikahama; kufikia 1852 kampuni ya reli ikaununua mfereji wenyewe. Ukaoza. Watu wa kujitolea waliufukua kwa miaka mingi mpaka ukafunguliwa rasmi tena mwaka 1990.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilipata kazi karibu na Pewsey, na kati yangu na Pewsey kulikuwa na Caen Hill. Loki 29 katika kilomita tatu na ushei, zinapanda mita 72 kuingia mji wa Devizes. Kumi na sita kati yake zimepangana mstari mmoja mlimani, na ukisimama chini unaona malango meupe na meusi yamepandana kama meno. Baada ya usiku wa Seend nilikuwa nimeapa sitaigusa. Niliahirisha mara mbili. Shajara ikanikumbusha siku ya kumi na mbili.

Nilichofanya ni kukubali kwamba siwezi peke yangu. Nilimpigia mdogo wangu London aje na viatu vya kutembelea. Nikamwomba yule mzee tupande pamoja, kwa sababu loki za mfereji huu ni pana, vyombo viwili vyembamba vinaingia bega kwa bega. Viwili vikipanda pamoja vinatumia maji ya kimoja. Pale Caen Hill loki moja inakunywa karibu lita 240,000, na chini ya kilima kuna pampu iliyowekwa mwaka 1996 inayoweza kurudisha juu lita milioni 32 kwa siku. Ndiyo kusema, loki moja kila dakika kumi na moja. Nilikuwa nimefanya hesabu hiyo kwenye shajara yangu kabla hatujaanza. Mtu aliyekwisha kumwaga maji ya watu anahesabu.

Tuliingia saa tatu asubuhi, loki namba 22. Mzee akawasha injini zote mbili, akafunga vyombo vyetu ubavu kwa ubavu, akashika kana yake, ule mkono wa usukani, nami nikashika yangu, mdogo wangu na wasaidizi wawili wa kujitolea wakabaki kwenye malango. Loki mbili za kwanza zilikuwa vurugu. Mdogo wangu alipandisha kidirisha chote kwa mpigo mmoja, maji yakaruka, omo zikagonga ukuta, vikombe vyangu vitatu vikaenda. Mzee akapaza sauti, nusu! Kuanzia pale ikawa nusu kwanza, hesabu mpaka maji yatulie, kisha yote. Kufika loki ya saba hakuna aliyekuwa anaongea. Mmoja anatangulia kuandaa ya mbele, mmoja anabaki kufunga ya nyuma, sisi tunapita katikati.

Kwenye zile kumi na sita vipande kati ya loki ni vifupi mno, kwa hiyo waliomsaidia mhandisi John Rennie walichimba mabwawa mapana ubavuni ya kuhifadhi maji. Unasimama kwenye tezi, kushoto kwako bwawa limepanda juu ya bwawa, mabata maji wamekaa humo hawana habari na mtu.

"Dada, hii ngazi inaisha kweli?" mdogo wangu aliniuliza, kama loki ya ishirini hivi, amekaa kwenye boriti ya lango, viganja vimechubuka.

"Bado tisa."

"Ulisema bado tisa loki mbili zilizopita."

Alikuwa kweli. Nilikuwa nimepotea hesabu.

Tulitoka loki namba 50 saa tisa na robo alasiri. Mbele yetu ni Long Pound, kilomita 24 za maji tambarare bila loki hata moja. Mzee alitaka chai. Mdogo wangu alikwishajilaza juu ya paa, viatu kavivua. Tukafunga kamba, safari hii nikiziachia ulegevu wa kiganja.

Kisha nikachukua ule mkono wa chuma nikarudi kwa miguu hadi loki ya mwisho. Nilikumbuka vizuri kabisa kwamba vidirisha vimeshushwa. Nilikuwa nimevishusha mwenyewe, na mmoja wa wasaidizi alikuwa ameviangalia baada yangu. Nikainama juu ya lango, nikaviangalia kimoja kimoja, cha kulia, cha kushoto. Nikavuka upande wa chini nikaviangalia na vya huko.